Kifuniko cha Papa Anselme

Tulipomzika wifi yangu Colombe mwezi uliopita, waombolezaji walinishika mikono na kunipa pole, nami niliitikia inavyopasa, lakini moyoni nilikuwa bado nabishana naye. Tulibishana tangu ujana wetu, na kifo kimemchukua katikati ya ubishi. Niliketi chini ya turubai pale Mangobo, mtaa wa Kisangani, kwenye kiti cha plastiki kilichonibana kiunoni, wasichana wakipita na makasha ya bia, chupa zikifunguliwa kila upande. Mjukuu wake mmoja, kijana wa chuo kikuu, mpole na mwenye nia njema, alinijazia glasi, akaniita koko, yaani bibi, akasema, "Koko, zamani mulikuwa munatengeneza bia ku nyumba, hein? Ilikuwa mwepesi. Unatia mu pipa, unafunika, unangoya." Unafunika! Kana kwamba kufunika ni kazi ya mkono mmoja. Nilimwambia avute kiti akae, nikaanza kumweleza, bia yake ikapata joto mkononi, na kabla sijafika popote wakatuita kwenye maombi. Kwa hiyo namalizia hapa. Shahidi mwenzangu wa mambo yale yuko chini ya udongo, na angekuwa hai angeyasimulia kwa namna yake, yaani angesema uongo.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Kwenye karatasi na midomoni mwa Wazungu mji uliitwa Stanleyville. Sisi tulisema Kisangani. Nilikuwa nimeolewa na Damien, na majuma machache baada ya ndoa alirudi kazini kwenye meli ya mto, akaniacha nyumbani kwa baba yake. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu vya matofali mabichi, barza mbele, na jiko la pembeni lililoezekwa majani, ambalo moshi wake uliingia machoni kabla hujaingia wewe. Ndani tulikuwa watatu: mimi, Colombe, dada yake Damien, ambaye alikuwa amemwacha mumewe na kurudi kwao na sanduku moja na mdomo, na Papa Anselme, baba mkwe wangu, seremala aliyestaafu, mjane wa miezi michache. Mkewe, Mama Emérance, sikuwahi kumjua. Nilikuta kanga zake zimekunjwa juu ya kabati na kiti chake cha kamba kimesimama kwenye kona ya sebule, na hakuna aliyekikalia.

Hapa lazima nieleze desturi ya ukoo ule, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini mwaka ule ulinichosha namna ile. Mkwe mpya hakusema na baba mkwe wake ana kwa ana mpaka azae mtoto wa kwanza. Hamtazami machoni, hatamki jina lake, hali chakula pamoja naye. Kama kuna jambo la lazima, lipitie kwa mtu wa tatu, hata kama nyinyi wawili mmesimama upande huu na upande ule wa ndoo moja. Na mtu wa tatu katika nyumba yetu alikuwa Colombe. Papa Anselme angesema, akiwa hatua chache kutoka nilipo na sahani ya kisamvu mkononi, "Colombe, ambia muke ya ndugu yako chumvi imepita mu pondu." Nami nilikuwa nimesikia kila neno, lakini nilipaswa kungoja Colombe ageuke, ameze alichokuwa anatafuna, na aniambie, "Papa anasema pondu yako ni maji ya bahari." Kisha mimi ningejibu, "Mwambie papa nimesikia, kesho nitapunguza," na Colombe angegeuka tena: "Papa, anasema kama haikupendezi, pika mwenyewe." Alikuwa akifanya hivyo kwa kucheka. Mara nyingi Papa Anselme alijua ni mzaha. Lakini si kila mara, na ile mara ambayo hakujua ndiyo iliyoniumiza.

Mambo ya bia yalianza na karamu ya kuondoa matanga ya Mama Emérance. Mwaka wa msiba ukikaribia kwisha, ndugu wa marehemu wangekuja, wengine kwa mtumbwi na kwa meli kutoka Opala, wengine kwa treni kutoka Ubundu, na mjane angevuliwa nguo nyeusi mbele yao. Karamu kama hiyo bila masanga, yaani pombe, si karamu, na masanga ya nyumba ile yalikuwa na sifa. Mama Emérance alikuwa akipika bia ya mahindi ambayo watu waliizungumzia kama wanavyozungumzia nyimbo. Shida ilikuwa hii: bia ya chungu kilicho wazi inanoga leo, kesho ni kali, keshokutwa ni siki. Na wageni wetu hawangefika siku moja. Treni ilikuwa na tabia zake, mto ulikuwa na zake. Papa Anselme alihofia kwamba watu wa Opala wangekunywa bia na watu wa Ubundu wangekunywa siki, halafu ugomvi wa ukoo ungeanzia hapo hapo juu ya kaburi. Katika miaka yake ya kazi alikuwa ametengeneza madirisha kwenye nyumba ya mabruda Wazungu, watawa wa misheni, na huko aliona pipa lililofungwa kabisa, lenye tuyo ndogo, yaani mrija, iliyotoka juu ya kifuniko na kuishia ndani ya chupa ya maji. Hewa ya ndani ilitoka ikipiga mapovu, ya nje haikuingia. Bia ile ilikaa majuma mengi bila kuharibika. "Mi niliona na macho yangu," alimwambia Colombe ili nisikie. "Iko kitu ya kifuniko na tuyo, basi. Mbao niko nayo."

Akatengeneza pipa. Nasema kwa haki: lilikuwa pipa zuri, lilishika maji tangu siku ya kwanza. Kisha akatengeneza kifuniko kipana cha vipande vya mbao vilivyounganishwa, alichokipiga msasa juma zima pale barza, akakipaka mafuta ya mawese, akakiinua juani kukitazama kama mtu anayetazama uso wa mtoto wake. Katikati akatoboa tundu la tuyo. Mimi nililoweka mahindi, nikayaotesha juu ya majani ya migomba, nikayaanika kimea kikakauka, nikakitwanga, nikapika, nikachuja. Tukamimina. Kwa tuyo alitumia shina la jani la mpapai, lenye uwazi ndani, na mwisho wake akauzamisha kwenye chupa. Ukingo wa kifuniko akauziba kwa udongo wa mfinyanzi. Tukasimama watatu tukiitazama chupa. Haikupiga povu hata moja. Siku iliyofuata, kimya. Papa Anselme akakohoa. "Colombe. Ambia muke ya ndugu yako kimea yake imekufa."

Kimea changu! Nilikuwa nimelala na kuamka na kimea kile, nikifukuza kuku, nikikigeuza jua linapohama. Na masikio yangu yalisikia wazi bia ikichemka ndani ya pipa kama mvua ya mbali. Bia ilikuwa hai. Hewa ilikuwa inatoka mahali pengine tu. Lakini ningesemaje? Kusema kifuniko kinavuja kulikuwa kumwambia seremala kwamba hajui useremala, na kumwambia kupitia mdomo wa Colombe. Nikatwanga mihogo kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Udongo ukakauka ukapasuka, shina la mpapai likanyauka likajikunja kama utumbo, na tulipofungua, inzi wadogo waliruka usoni mwetu na harufu ya siki ikatufanya tukohoe. Papa Anselme alionja kwa kijiko, akaenda kusimama nyuma ya nyumba peke yake.

Nilipata ushahidi Jumapili moja Papa Anselme akiwa kwenye misa, baada ya kujaza pipa mara ya pili. Nilikuwa nafua, mikono imejaa povu la sabuni, na wazo likanijia lenyewe: nikachukua povu nikalipaka ukingoni mwa kifuniko, pande zote, kama mtu anayepaka losheni. Mahali pengi lilitulia. Upande wa kuelekea jikoni likaanza kuvimba, tundu moja, jingine, jingine, likitoa mapovu makubwa yenye rangi ya upinde wa mvua. Nikamwita Colombe. Tuliinama tukaona kwamba mbao zilikuwa zimepinda. Unyevu uliziinua, ukucha ulipita chini yake. "Aa," Colombe alisema, "mbao ilikuwa mubichi." Nikamsihi: mwambie kwa upole, sema labda mvua, sema labda tuongeze kitu cha kuziba, usinitaje. Papa Anselme aliporudi, kabla hata hajavua kofia, Colombe akamwambia, "Papa, Philomène anasema mbao yako imeoza." Jioni ile sahani yake ya lituma, ndizi za kuponda, na samaki ilirudi kama ilivyokwenda. Nilimfuata Colombe jikoni nikamwambia maneno ambayo sitayaandika. Yeye akacheka. "Na wewe unachukua kila kitu kwa uzito," akasema. Ndiyo, nilichukua kwa uzito. Mimi ndiye niliyekuwa mgeni katika nyumba ile.

Hata hivyo lilimwingia. Kesho yake alirudi na mpira wa ndani wa baiskeli, akaukata, akauzungusha ukingoni na kuukaza kwa kamba, bila kumwambia mtu yeyote kwamba kuna kitu kilikuwa kinavuja. Rafiki yake wa gati ya meli alimpa kipande cha tuyo ya shaba. Na chupa ikasema. Bup. Nakiri nilipiga makofi. Bup, bup, mchana kutwa, mpaka majirani wakaja kutazama, na mmoja wao akaenda kusimulia mtaani kwamba Anselme ana pipa lenye tuyo, na kwa watu wa wakati ule pombe yenye tuyo ilikuwa kitu kimoja tu, lotoko, pombe kali ya kukeneka, ambayo kwa ajili yake serikali iliwafunga watu. Polisi akaja. Alikuwa mtu mzima, mwenye jasho, na nadhani alitumaini kumaliza haraka. Papa Anselme alimkaribisha barza akampa stuli, akamweleza. Akamweleza hewa ya ndani na hewa ya nje. Akamweleza mabruda. Akamweleza namna ya kuunganisha mbao bila misumari. Polisi alijaribu kusimama, Papa Anselme akamwekea mkono begani, "Ngoya, sijafika ku chupa." Mwishowe yule bwana alinusa ile tuyo, akasema, "Bon, bon, papa, nimeelewa," na akaondoka karibu mbio. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nimeuma kanga nisicheke, na nilijisikia kwa mara ya kwanza kwamba nampenda mzee yule. Pendo lile halikudumu.

Halikudumu kwa sababu ya siafu. Waligundua chupa, wakaanza kupanda. Badala ya kuuliza, badala ya kumtuma hata huyo Colombe aniulize, Papa Anselme alimwaga maji ya chupa akatia petroli ya taa. Siafu walirudi nyuma, kweli. Alasiri ile mvua kubwa ikanyesha, hali ya hewa ikageuka baridi ghafla, pipa nalo likapoa, na chombo kilichofungwa kikipoa kinavuta. Nilikuwa nimejikinga jikoni nikatazama kwa macho yangu mwenyewe petroli ikipanda ndani ya chupa, ikiingia kwenye tuyo, ikipotea. Chupa ikabaki tupu kabisa. Nilikimbia mvuani, nikafika, nikasimama mbele ya pipa bila la kufanya, maji yakinitiririka usoni. Papa Anselme alikuwa barza. Tulitazamana, jambo ambalo halikuruhusiwa. Kisha akasema hewani, kwa maana Colombe hakuwepo, "Ni mvua." Mvua! Bia yote ikanuka taa. Tuliimwaga kwenye mtaro, na nyasi za pale zikafa.

Nikifikiria leo, naona ningeweza kuwa na huruma zaidi. Mtu yule alikuwa akiamka kila asubuhi katika nyumba ambayo ukimya wake haukuwa wa kawaida kwake, na pipa lilikuwa kitu pekee alichoweza kukikasirikia. Lakini na mimi nilikuwa na umri wa kukasirika. Mikono yangu ilipasuka kwa kutwanga. Karamu ilikuwa inakaribia. Damien aliandika kwamba meli yake ingefika karibu na siku ile, na aliuliza kama naelewana na baba yake, nami sikujua nijibu nini, kwani mtu haelewani wala hagombani na asiyesema naye.

Mara ya tatu alitafuta nta ya nyuki kutoka kwa watu wa upande wa Masako, akaiyeyusha pamoja na mawese kidogo, akajaza ukingo wote, juu yake mpira, juu ya mpira kamba nene aliyoikaza kwa kijiti mpaka pipa likalia. Nilipaka povu la sabuni: hakuna hata tundu moja. Safari hii kifuniko kilifungwa kweli kweli, na nilipaswa kufurahi. Lakini haraka ilikuwa imetufanya tuchuje vibaya, machicha ya mahindi yalibaki mengi, na tulikuwa tumejaza pipa mpaka karibu na mdomo kwa kuogopa kupungukiwa. Chupa ilipiga mapovu kwa kasi, bupbupbup, halafu povu la kahawia likatokea kwenye mdomo wa tuyo, halafu asubuhi moja ikanyamaza.

Nilikuwa nafagia uwanja. Colombe alikuwa ameketi kizingitini akisuka nywele zake. Papa Anselme alikwenda kwenye pipa, akainama, akaweka sikio juu ya kifuniko. "Imetulia," akasema, akiridhika. "Imeiva." Mimi nilikuwa nakiona kifuniko kutoka upande. Kilikuwa kimevimba katikati kama tumbo: machicha yalikuwa yameziba tuyo. Kamba ilikuwa imezama kwenye mpira, na ule mpira ulikuwa unatetemeka. Nikasema, kwa adabu yote niliyofundishwa, ufagio mkononi, "Colombe, ambia papa atoke pale. Upesi." Colombe hakuinua hata kichwa. "Papa," akasema kwa sauti yake ya kuimba, "Philomène anauliza kama utakula sasa ao kisha." Papa Anselme alitikisa mkono, shavu lake bado juu ya mbao. "Kisha," akajibu.

Nikapiga kelele. Sikumwita papa. Niliita jina lake, jina ambalo mke wa mwanawe hapaswi kulitamka hata ndotoni. "We Anselme! Toka apo! Toka!" Nilipiga kelele kama mtu anayefukuza mbuzi kwenye unga. Aliruka nyuma kwa mshtuko wa kuitwa hivyo, akateleza, akaanguka kwa makalio, na kamba ikakatika. Kifuniko kilipita mahali kilipokuwa kichwa chake, kikavunja ukingo wa paa la barza, kikatua kwenye mipapai ya jirani. Bia ilipanda kama mtu aliyeamka usingizini, ikatunyeshea sote, nyeupe, yenye machicha, na kuku wakatawanyika wakilia. Papa Anselme alibaki ameketi kwenye tope. Machicha yalikuwa kwenye nyusi zake. Aliutazama uwanja, akanitazama mimi, akainuka taratibu, akaingia chumbani kwake akafunga mlango.

Colombe hakucheka. Nywele zake zilikuwa nusu zimesukwa, nusu zimesimama. "Ningemuua papa," aliniambia. "Kwa muchezo. Ningemuua." Alilia mpaka akashikwa na kwikwi, na mimi, niliyekuwa nimetamani miezi mingi kumwona akilia, nilimfuta pua kwa pembe ya kanga yangu. Tangu siku hiyo alikataa kubeba neno la mtu. "Mi siko tena mudomo wa watu," alisema. Kwa hiyo nyumba ikanyamaza kabisa. Papa Anselme alikula kidogo, mlango ukiwa umefungwa. Mimi nilipanga nguo zangu kwenye sanduku, kwani mke aliyemfokea baba mkwe kwa jina hangeweza kungoja kuambiwa arudi kwao. Ningemngoja Damien, nimweleze kwa mdomo wangu, kisha nivuke mto nikapande treni. Sikulia. Nilikuwa nimechoka mno na mahindi kuweza kulia.

Siku kadhaa zilipita hivyo. Kisha, alasiri ya mvua, nilikuwa jikoni naponda ndizi za lituma, nikaona miguu yake chini ya ukingo wa majani ya paa. Baba mkwe haji jikoni. Alisimama pale, mvua ikimpiga mgongoni, nusu ndani nusu nje. "Philomène," akasema. Hakuwa amewahi kuniita kwa jina. Nikainamisha macho kwenye sufuria. "Ndiyo, papa."

"Tangu Emérance amekufa," akasema, "watu wote wanasema na mimi pole pole. Padri. Majirani. Batoto. Kama vile niko mugonjwa." Maji yalidondoka kutoka kwenye kofia yake. "Emérance alikuwa ananifokea kila siku. Nikiacha nyundo mu barza, ananifokea. Nikitia viatu mu nyumba, ananifokea. Mwaka muzima hakuna mutu amenifokea. Nilisahau namna inasikika." Mwiko mkononi mwangu ulikuwa umesimama hewani. Akasogea ndani hatua moja, akajifuta uso. "Bon. Alors, sema. Kile kifuniko iko na nini?"

Nikasema. Mungu anisamehe, nilisema yote. Kimea hakikuwahi kufa. Mbao zilikuwa mbichi. Petroli haitiwi kwenye chupa inayovuta. Pipa halijazwi mpaka mdomoni, povu linahitaji mahali pa kupumulia. Machicha lazima yachujwe mara ya pili kwa kitambaa. Tuyo ilikuwa nyembamba mno. Na kifuniko kisifungwe kama jeneza. Kiwekwe nta, kiwekewe jiwe, ili hewa ikizidi kifuniko kiinuke chenyewe badala ya kuruka. Na asiweke sikio lake popote. Alisikiliza akitikisa kichwa.

"Mbao haikuwa mubichi," akasema mwishoni.

"Ilikuwa mbichi, papa."

"Haikuwa mubichi sana."

Kesho yake alikata kifuniko kingine, cha kipande cha mlango wa zamani, mbao iliyokauka kabla mimi sijazaliwa. Niliwatazama yeye na Colombe wakiyeyusha nta, wakitafuta tuyo pana, wakigombania jiwe la kutumia. Mimi nilichuja mara mbili, nikaacha nafasi juu. Kila nilipopita nilipaka sabuni, na kila nilipopaka aliuliza, "Inavuja?" na nilijibu, "Haivuji," na dakika chache baadaye aliuliza tena. Alinichosha kuliko alipokuwa hasemi. Alikuwa na maoni juu ya kila kitu: ukali wa moto, upana wa kitambaa, namna ninavyoshika ufagio. Nami nilikuwa najibu. Siku Damien alipoingia uwanjani na mfuko wake begani, alinikuta nimesimama mbele ya baba yake, mikono kiunoni, namwambia kwamba akiligusa jiwe lile mara moja zaidi nitaimwaga bia yote kwenye mtaro. Mume wangu alidondosha mfuko. "Philomène! Unasema na papa namna ile?" Papa Anselme hakugeuka hata kumsalimu. "Acha," akamwambia. "Wewe haujui mambo ya kifuniko."

Watu wa Opala walifika kwanza, kama alivyohofia, na treni ya Ubundu ikachelewa, kama alivyohofia. Tuliwapa wa kwanza chai, kwanga za muhogo na samaki, tukawaonyesha chupa ikipiga povu polepole, na tukawaomba wangoje. Walinung'unika, wakangoja. Wa Ubundu walipovuka mto hatimaye, wamechoka, na mizigo vichwani, sala zikasomwa, nguo nyeusi ikavuliwa, na Papa Anselme akasimama katika shati jeupe lililomfanya aonekane mdogo. Akavunja nta kwa kisu. Tulisikia pumzi fupi, kifuniko kikainuka. Bia ilikuwa na rangi ya asali, povu dogo juu, haina inzi, haina siki. Alichota kikombe cha kwanza akakipeleka kwa mikono miwili kwa Mama Véronique, dada mkubwa wa marehemu, mama mnene wa Opala aliyekuja na stuli yake mwenyewe.

Mama Véronique alikunywa kidogo, akaishika bia mdomoni. Uwanja wote ulimtazama. Mimi nilimtazama zaidi ya wote, kwani nilijua kilichokuwa mle: harufu ndogo ya nta ilikuwepo, na ukali kidogo mwishoni. Akameza. "Anselme," akasema, na macho yake yalikuwa yamejaa maji, "iyi haiko bia ya Emérance."

Papa Anselme alibaki ameinama mbele yake, mikono bado imenyooshwa kama vile amebeba kitu.

"Hapana," akasema. "Ya Emérance ilikwisha. Kunywa iyi."

Mama Véronique akainua kikombe akakinywa chote, koo lake likipanda na kushuka, akajifuta mdomo kwa kiganja, na akakinyoosha tena, si kwa Papa Anselme, bali kwangu. Nikakichukua nikaenda kuchota.